Lodi wa Ukutani na Miaka Yangu Saba

Juzi nilishuka Vällingby, kitongoji cha Stockholm, kununua soksi tu, ndugu yangu, lakini miguu ikanipeleka yenyewe hadi jengo ambamo mama alikuwa akifanya usafi miaka ya sabini, nami nikimfuata. Nilipouona mlango, nikasimama.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja wa Kiingereza, mjane wa Mswidi. Sebule yake ilinukia nta ya sakafu na mikate ya iliki. Ukutani, kwenye picha, alitundikwa babu yake, lodi, yaani bwana mkubwa wa Kiingereza, wa enzi za magari ya farasi, ndevu mashavuni, macho makavu. Mama alinifunza kwamba mkubwa hapitwi bila shikamoo. Basi kila siku nilimpa lodi shikamoo yake, na kila siku akaninyima marahaba. Nikajua amenichukia.

Bibi alipenda kunisimulia ukoo wake. Lodi alikuwa na watoto tisa, akiwaona robo saa tu kila jioni, wameoshwa, wamepangwa mstari, kimya. Wavulana wakitimiza miaka saba walipelekwa shule ya mbali, wakalale huko huko. Baba yake bibi aling'ang'ania mlango wa gari hadi vidole vikabanduliwa kimoja kimoja.

"Na baba yake hakutoka hata kumuaga," bibi alisema, akinikatia mkate.

Mimi nilikuwa na miaka sita na nusu, na nyumbani baba na mama walikuwa na wimbo mmoja: "Akitimiza saba, anaenda shule." Watoto wote wa Stockholm walianza shule umri huo, lakini nani aliniambia? Niliogopa kwamba nami nitapelekwa mbali, nikawa naacha wali sahanini. Kwamba mimi ni msichana hakukunifariji hata kidogo.

Siku ilipofika, mama alinivisha koti jipya, akanishika mkono hadi darasani. Nikaukamata mlango kwa mikono miwili.

"Gå inte, mamma!" nikapiga kelele. Usiende, mama.

Alicheka kidogo kwa aibu, kisha akaona siuachii mlango.

"Haya, siendi, mwanangu. Nitasimama pale dirishani."

Akasimama kweli. Mvua ikanyesha, na kila nilipoinua macho nilikiona kilemba chake.

Bibi hayupo tena, picha sijui iko kwa nani, na mama tulimzika mwaka juzi. Sikuwahi kumwambia kwamba siku ile nilidhani ananiacha huko moja kwa moja, kama wavulana wa lodi. Naye hakuniuliza. Alisimama tu hadi kengele ya mwisho, na kesho yake akasimama tena.