Ncha ya Sindano

Ukimwona Fundi mara ya kwanza, utagundua kwamba hageuzi shingo. Ukimwita, hugeuka mwili mzima, polepole, kama kabati linalohamishwa. Miaka ishirini na miwili ameinamia cherehani, na sasa shingo imegoma. Hilo angelivumilia. Kinachomnyima usingizi ni vidole vya mkono wa kulia: vimekufa ganzi, hata kutunga uzi hawezi.

Eksirei ya shingo ilionyesha mifupa tu. Daktari akataka kipimo cha MRI, aone kama kuna mshipa wa fahamu uliobanwa. Bila picha hiyo hawezi kuanza tiba. Fundi akasubiri wiki sita. Siku ilipofika, mpiga picha akamsomea fomu.

"Mama, una chuma chochote mwilini?"

"Labda ncha ya sindano. Ilinikatikia kiganjani, mwaka wa tisa huu."

Kalamu ikasimama. "Ilitoka?"

"Sijui. Nilifunga kitambaa nikamalizia gauni la watu."

Akaelezwa kwamba mashine ile ni sumaku kubwa, haitaki chuma cha kubahatisha. Akapige kwanza eksirei ya mkono.

"Shingo ndiyo inauma, wao wanataka kiganja," alimlalamikia wifi yake aliyemsindikiza. "Kesho watataka goti."

"Nani alikutuma useme? Ungenyamaza."

"Nimeulizwa, wifi."

"Mimi nami nakuuliza kila wiki nguo yangu itakuwa tayari lini. Hapo mbona husemi kweli?"

Fundi alitaka kumtupia jicho kali, lakini kugeuka kwenyewe kulichukua muda, hasira ikapoa njiani.

Eksirei ya mkono ikapigwa, lakini daktari wa kusoma picha alikuwa likizo. Siku kumi baadaye jibu likatoka: kiganja hakina kitu. Akapewa tarehe nyingine, wiki tatu mbele.

Leo ndiyo tarehe yenyewe. Amevua pete, hereni na vibanio vya nywele. Wifi yake amempekua, akakuta pini tatu kwenye ukosi wa gauni lake, akazitia mkobani huku akisonya. Sasa Fundi amekaa kwenye benchi na joho la hospitali lililofumuka pindo, akilitazama kwa uchungu.

"Nani alishona hiki kitu?" anauliza.

"Pona kwanza," wifi anamwambia.

Fundi anajaribu kulikunja pindo kwa vidole visivyohisi kitambaa. Ndani, mgonjwa aliyetangulia yuko kwenye mashine; inagonga, inagonga, kisha inanyamaza. Kitasa kinazunguka. Fundi anaanza kugeuka.