Jibu Lililokuja Haraka

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani katika mradi wa wakulima mjini Homa Bay, na ofisi yetu ilikuwa na kompyuta moja yenye barua pepe. Siku moja mama alisafiri kutoka Sori ili tumwandikie kaka yangu, aliyekuwa akisoma ng'ambo. Alitaka kujua atarudi lini.

Laini ya simu ilikatika mara kadhaa kabla barua haijaenda. Tulipounganishwa tena, jibu lilikuwa limeshafika, na mama akatabasamu. Nikamtafsiria: nimesafiri, nitakujibu nikirudi.

"Amesafiri kwenda wapi? Muulize."

Nikauliza. Likaja jibu lile lile.

"Mwambie ni mimi mama yake ninayeuliza."

Nilijaribu kumweleza kwamba kaka ameiagiza kompyuta imjibu kila mtu hivyo akiwa hayupo. Hakunielewa, na uvumilivu ukaniisha. Nikaandika alivyotaka, nikigonga vitufe kwa hasira. Yakarudi maneno yale yale, bila hata salamu.

"Nyathina, mwanangu," mama akasema, "mtoto hamjibu mzazi hivyo."

"Si yeye, mama. Ni mashine."

"Na nani aliituma mashine iniongeleshe?"



Kaka aliandika baadaye, ukurasa mzima wa kuomba radhi. Niliuchapisha nikampelekea mama Sori. Alinisikiliza nikisoma hadi mwisho, kisha akaniagiza nimwambie kaka apige simu ofisini kwetu. Yeye atakuja kuingoja.