Blaa ya Shemeji

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ameendesha mashine ya kuchapa miaka ishirini na sita. Kidole gumba chake hakijatakata tangu siku ya harusi yangu. Mama mkwe alikuwa akimwambia ale kwa kijiko, asije akachapa chakula.

Pale kazini, karatasi ikitoka na herufi zilizotapakaa wino, tunasema ina blaa. Ni neno la Kiingereza, blur, lilikuja pamoja na mashine, na dawa yake inajulikana: zima, futa rola, washa tena.

Wiki ile alizima mara kumi kwa siku. "Blaa tena!" Mimi niliyekuwa napanga karatasi upande wa pili nilizitazama herufi, zimesimama wima, safi. Nikanyamaza. Mimi si mtu wa maneno, na huyu ndiye aliyeniombea kazi.

Alhamisi asubuhi msimamizi akaja. "Vitabu vya shule vinatakiwa kesho. Mashine ikizimwa tena ovyo, mwendeshaji atafute pa kwenda."

Mchana, nami nikimfuata, Shemeji akamwendea mama msahihishaji, mwenye kamusi nene kama tofali. "Mama, hebu nisomee hii blaa. Labda ina dawa nyingine."

Mama akasoma kimoyomoyo, kisha akatueleza. "Hapo kale lilikuwa doa la wino lililopakazika. Baadaye likawa chochote kisichoonekana sawasawa. Lilikotoka, watunga kamusi hawana hakika. Wanadhani lina undugu na neno jingine, la macho yenye machozi na ukungu."

"Basi wino na macho ni mashemeji," Shemeji akacheka, "kama mimi na huyu bubu!"

Kicheko kikakatika hapo hapo. Akachukua karatasi ya asubuhi, akaniwekea mbele. "Soma."

Nikasoma mstari mzima bila kukwama.

"Ni safi?"

"Safi, shemeji."

"Na za jana?"

"Zote. Tangu Jumatatu."

"Na mdomo uliuweka wapi?"

Akanawa mikono, akapanda ngazi mwenyewe kwa msimamizi. Aliposhuka alisema amehamishiwa chumba cha kujalidi, akunje karatasi, na wiki ijayo akapimwe macho.

"Mashine ni yako," akaniambia, bila kunitazama.

Nikaiendesha hadi jioni, sikuizima hata mara moja. Kila karatasi ilitoka safi, na kila moja ilinichosha kuliko iliyotangulia.