Mama Mwisho na Mlango Uliong'olewa

Vitabu vya Mama Mwisho havikuwa na mwisho. Havikuwa vimechakaa, alivikata mwenyewe kwa wembe, sura ya mwisho ya kila kimoja, akaishona kwa uzi na kuifungia kabatini nyuma ya kiti chake. Alikuwa akikodisha vitabu, na aliyetaka kujua mambo yaliishia wapi alirudisha kitabu, akakaa kwenye benchi mle chumbani, akazisoma zile kurasa mbele ya macho yake. Hapo ndipo jina lilipotoka, na yeye alilivaa bila kinyongo. Zamani aliwapa watu vitabu kwa kuwaamini, navyo vikaenda kama waendao kaburini. Akajifunza kwamba binadamu husahau ahadi, lakini hasahau hadithi iliyokatwa njiani.

Chumba chake kilipakana na ukumbi wa video wa shemeji yake, mume wa mdogo wake, katikati pakiwa na ukuta wa mbao tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Shemeji huyo alikuwa amemwendea mwenye nyumba kwa siri, akitaka mbao zile zing'olewe ukumbi wake upanuke. Mwenye nyumba, mama asiyependa maneno mengi, aliwaita wote wawili.

"Jumamosi napita. Nikikuta benchi la vitabu tupu, chumba kinakwenda kwa mwenye watu."

Wiki hiyohiyo shemeji akaleta sinema. Ilitokana na riwaya moja ambayo nakala zote za Mama Mwisho zilikuwa mikononi mwa wateja, na ndiyo hasa iliyokuwa ikimlisha. Mlangoni shemeji akabandika tangazo la maandishi mekundu: NJOO UONE MWISHO. Maneno hayo hayakumtoka kwa bahati mbaya.

Siku zikapita, harudi mtu. Mama Mwisho akamfuata msusi mmoja, mteja wake, saluni kwake, akakuta kile kitabu kimechomekwa nyuma ya kioo ili kioo kisianguke.

"Mwisho nimeshauona, dada," msusi akasema huku vidole vikiendelea na kichwa cha mteja. "Wamerudiana! Nimelia mpaka wanja umenifika kidevuni."

"Wamerudiana nani?"

"Si yule mke na mumewe? Mvua inanyesha, mume kapiga magoti kwenye tope, mke kamwinua, wimbo ukaanza. Raha tupu."

Mama Mwisho alimtazama kama anayetazama noti bandia.

Jioni aliingia ukumbini kwa shemeji yake. Alilipa kiingilio bila kuomba apunguziwe, jambo lililomuuma kuliko sinema yenyewe. Nayo iliuma. Mke wa kitabuni alikuwa mfupi, ana pengo, mkali wa bei. Huyu wa sinema alikuwa twiga wa kike anayefua nguo bila kulowa mkono. Kitabuni mume anauza nyumba kwa siri, na mke, akijua kuta si zake ila mlango aliununua yeye, anakwenda kupatana na seremala. Sura nzima wanavutana: nani atakuja na bisibisi, bawaba zitabaki kwa nani. Mama Mwisho aliipenda sura hiyo kuliko zote, maana aliyeiandika alikuwa anajua biashara. Kwenye sinema hakuna seremala. Hata mlango wenyewe ulikuwa wa pazia. Na kila mke aliponyamaza kufikiri, vinanda vilianza kulia kwa niaba yake, kana kwamba watazamaji wamekodiwa akili.

Wimbo ulipokwisha na watu wakipangusa pua, alisimama mlangoni, akauziba.

"Jamani, mmepunjwa. Yule mama hakumsamehe mtu. Alimwita seremala. Alichokifanya na huyo seremala kipo kabatini kwangu. Anayekitaka aje na kitabu."

Shemeji alitoka nyuma ya televisheni mbio. "Shemeji! Unanifanyia fujo ndani ya ukumbi wangu?"

"Fujo gani? Nimelipa. Nadai kipande changu kilichobaki."

"Kitabu ni kitabu, sinema ni sinema! Watu wanataka kufurahi."

"Basi wauzie pipi."

Watu wakacheka. Shemeji akavimba shingo. "Wivu huo! Vitabu vyako vyenyewe vilema, umevikata miguu kwa mkono wako!"

"Mimi nimekata, nikatunza. Hao wako wamekata, wakatupa, wakapachika mguu wa plastiki. Nani kilema?"

Jumamosi asubuhi msusi alikuwa wa kwanza. Alikibwaga kitabu mezani. "Haya, lete huo mwisho wako."

Alisoma amekunja uso, na alipomaliza alikuwa ameukunja zaidi. "Ndiyo nini sasa? Kang'oa mlango, kaupakia mkokotenini, kaenda zake! Mume kaachwa anatazamana na mbwa wa jirani. Hata kwaheri?"

"Kwaheri ingemwongezea nini?"

"Mbaya! Mimi naupenda wa sinema."

"Kaa nao. Kitabu acha hapo."

Msusi hakuondoka. Fundi cherehani aliingia na nakala yake, akasoma, akasema mume alistahili. Msusi akamrukia kwamba yeye naye angeachwa hivyohivyo. Kinyozi akaingia akiuliza kelele za nini, na mikononi ana kitabu. Kufika saa sita benchi lilikuwa limejaa, waliobaki wamesimama, kila mmoja akimtukana ama mke ama mume ama Mama Mwisho mwenyewe.

Mwenye nyumba alichungulia. "Wanagombania nini hawa?"

"Mlango," alijibu Mama Mwisho.

Yule mama alihesabu vichwa kwa macho, akagonga mbao za ukuta kwa kifundo cha kidole. "Huu ubaki," akasema, akaenda zake.

Watu walipopungua, shemeji aliingia, macho sakafuni. Ukumbi wake ulikuwa mtupu tangu asubuhi. Alijikuna shingo.

"Shemeji. Hivi yule seremala... alikuja kufanya nini?"

"Kodi kitabu kama wenzako. Anza ukurasa wa kwanza."

Akanyoosha mkono. Mama Mwisho akakivuta kitabu nyuma.

"Wengine rehani yao ni mwisho. Kwako wewe hautoshi. Acha rimoti ya televisheni yako."