Haragwe la Nasipwondi

Ukitaka kumuudhi Nasipwondi, mwambie kiazi ni kiazi. Mama huyu wa Mlima Elgon amekaanga viazi karai katika kichochoro cha Kuze, huku pwani, mpaka wenyeji wamesahau kwamba si wa hapo, na ukwaju wake huwarambisha vidole hata wazee wenye heshima zao. Lakini kiazi kikimvunjikia sufuriani kabla ya kuchovywa kwenye unga, siku hiyo hasemezeki.

Mumewe Nicodemus, kuli wa bandari ya Mbaraki, yeye hupenda kiazi kikubwa. Kaka zake huko nyumbani walikuwa wakijaribu mbegu mpya za viazi, wakawatumia aina mbili waonje: nyeupe kubwa na nyekundu ndogo. Ile nyeupe ilichemka ikawa uji; nyekundu haikuvunjika. Nicodemus akalaumu moto.

Likizo yake ikaangukia siku ya kuchagua mbegu huko nyumbani. Wakulima wangepita shambani, kila aina na kopo lake, wanaume wakitia punje ya hindi kwenye aina waipendayo na wanawake haragwe, zihesabiwe mbalimbali ili kauli ya wanawake isimezwe. Kisha kila nyumba ingepewa mbegu ya kopo ililotia. Nasipwondi hakuweza kuliacha karai. Wateja ni kama kuku, ukiwapa kisogo hutagia kwa jirani. Ilimuuma.

Mwanaesha, muuza mahamri wa pembeni yake, ndiye aliyemshauri ampe mume haragwe akamtilie.

"Mume wa kazi gani, asiyetumwa?" alisema.

Nasipwondi akafunga haragwe moja kitambaani, akamwambia mumewe ni la kopo la ile nyekundu. Nicodemus akaguna tu. Mguno ule ulimkaa moyoni muda wote mume alipokuwa hayupo, maana alimjua: mpole, lakini mbele ya kaka zake hakubali kuonekana ametumwa na mke.

Aliporudi alipitia Kuze moja kwa moja, gunia begani. Akatoa kile kitambaa. Haragwe lilikuwa bado limo. Machozi yakamlenga Nasipwondi, akageukia karai.

"Walilikataa, Mama Levi. Sharti mwanamke awepo mwenyewe."

"Na hindi lako ulilitia wapi?"

Nicodemus alikuna kichwa. Kaka zake walikuwa wamemcheka, alisema, mwanamume mzima kutia hindi lake kwenye kopo lililojaa maharagwe matupu.

Nasipwondi akafungua gunia. Mbegu walizogawiwa, zilizosalia baada ya kupanda, zilikuwa zote nyekundu. Akampakulia sahani ya viazi, akaimwagia ukwaju mpaka ukafurika. Alimpenda siku hiyo kuliko siku ya harusi yao, akamwambia ale kabla havijapoa.