Kiraka hakishiki kitambaa kilichooza

Saa mbili asubuhi, karakana ya kushona sare za shule inanguruma kama kinu cha kusaga. Mama mmoja mpana wa mabega, ambaye wenzake humwita Pasi kwa kuwa ulimi wake haupoi, anamaliza kola, anavuta uzi, anauinua kuelekea mdomoni.

"Mdomo!" inapiga kelele safu nzima ya mafundi.

Pasi anashtuka, anashika mkasi, anakata. Kisha anacheka, meno ya mbele yote nje. Miaka miwili iliyopita asingethubutu.

Kwa fundi cherehani, meno ni kifaa cha kazi. Hukata uzi, hushika pini mikono ikiwa kwenye kitambaa. Na kwa kuwa mwenye karakana hataki kuona mtu akiinuka kwenda kula kabla oda haijatimia, mafundi hushindia chai ya sukari nyingi, kikombe kando ya cherehani, funda kwa funda mpaka jioni. Wenye mali wakiona meno yaliyooza husema maskini hajui mswaki. Hawasemi ni nani aliyemnyima muda wa kula.

Meno manne ya Pasi yakaanza kuwa meusi. Moja likatoboka. Mwenye karakana akamhamishia nyuma kabisa, karibu na choo.

"Alisema ni kwa ajili ya mwanga," anasema Pasi. "Mwanga! Kule tunashona kwa kupapasa. Hakutaka wateja wanione."

Wenzake walimchagua awasemee kuhusu saa ya chakula. Akakataa mara mbili. "Nani angemsikiliza mtu anayedai haki huku ameziba mdomo kwa kiganja?"

Ndipo alipotafuta vinia, vile vigae vyembamba vya kauri vinavyogandishwa usoni mwa jino. Saluni moja ya mtaani ilimwahidi kumbandika siku hiyohiyo. Alikuwa ameshaketi, kitambaa shingoni.

"Nikamuuliza yule kijana wa saluni, na hili tundu je? Akaniambia, 'Mama, likishafunikwa nani atalijua?' Nikavua kitambaa nikamwachia. Mimi nashona, baba! Ukitia kiraka kwenye kitambaa kilichooza, kiraka kitaondoka na kitambaa chake."

Kwenye kliniki ya meno, daktari, binti wa rika la kifungua mimba wake, hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Jino bovu likifunikwa huendelea kuoza chini kwa chini. Kwanza lisafishwe, lizibwe, fizi zipone. Baada ya hapo ndipo waangalie kama kilichobaki kina nguvu ya kubeba kigae.

"Na kama hakina?" aliuliza Pasi.

"Hapo vinia hutapata, mama. Nitalivika jino kofia ngumu ya kulifunika lote, au nitaling'oa. Sitakudanganya."

Matibabu yalichukua miezi, na sehemu nzuri ya mshahara. Meno matatu yakanusurika. La nne likatibiwa mzizi, likavikwa kofia. Daktari akamwekea vigae vya muda wakati vya kudumu vinatengenezwa.

Siku ya tatu kazini, mkono ukafanya ulichozoea tangu usichana. Pasi akauma uzi. *Kak!*

"Kigae kikarukia ndani ya mfuko wa sare ya mtoto wa watu," anasema, akifuta machozi ya kicheko. "Karakana nzima ilipiga magoti kukitafuta. Ungedhani tunasali!"

Daktari hakucheka. "Mama, huko kwenu mikasi haiuzwi?" Akakataa kumwekea vya kudumu mpaka amalize mwezi mzima bila kuuma uzi. La sivyo, alisema, meno aliyohangaika kuyaokoa yangevunjika pamoja na kauri yake.

Mwezi huo Pasi hakuupita peke yake. Kila uzi ulipoinuka, safu nzima ilibweka. "Walinichunga kama mwali," anasema. "Haya meno ni ya kwetu sote. Mimi nimeyabeba tu."

Siku aliyowekewa vya kudumu, alibeba cherehani yake mwenyewe akairudisha mbele, dirishani. Hakuomba ruhusa. Mwenye karakana alimtazama, akasema, "Naona umependeza."

"Nimepona," Pasi alimjibu. "Kupendeza ni nyongeza."

Safari hii wenzake walipomchagua, alikubali. Ijumaa ataingia ofisini kwa mwenye karakana, na tayari anajua atakaloanza nalo.

"Sianzi na mshahara. Naanza na saa ya chakula, maana hapo ndipo meno yetu yalipoliwa. Na nitasema polepole, anitazame usoni, aone kila neno linavyotoka."