Kereng'ende wa Sponji na Waya wa Shemeki

Kereng'ende wanne wa chambo niliwafunga Jumamosi, kwenye meza ya jikoni, kwa ajili ya masikio ya baba. Macho yake yamekwisha. Alifanya kazi kiwandani hapa Likasi hadi pensheni, na kila Jumapili baada ya misa alikwenda kwenye bwawa la zamani, njia ya Kakanda, kuvua blakibasi, wale samaki wenye midomo mikubwa walioletwa na Wazungu. Sasa hata kamba haioni. Lakini blakibasi akimrukia mdudu anayeelea, maji hupasuka kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho baba alichoniomba. Mara moja tu, kabla miguu nayo haijakataa.

Kwa hiyo mdudu lazima aelee. Nilikata soli ya babushi kuukuu, zile ndala nyepesi za sponji, vipande vyembamba vyenye urefu wa kidole. Ndoano niliizungushia uzi kwanza ili sponji isiteleze. Kisha niliilaza sponji juu yake, mkia ukitokeza nyuma, nikaifunga kwa mizunguko michache bila kuvuta sana, kwa sababu uzi uliokazwa huikata. Mabawa yalikuwa nyuzi za gunia la mchele. Tone la gundi, basi. Niliwajaribu wote wanne katika beseni. Walielea.

Shemeki, mume wa dada yangu, husuka upya mota zilizoungua. Nyumbani kwake kila kitu kimekazwa kwa waya wa shaba: mpini wa sufuria, miwani, antena, hata rozari ya dada. Huku kwetu shaba ndiyo dawa ya kila kilicholegea. Mimi mwenyewe nina kiti cha namna hiyo. Jumapili alikuja kutuchukua kwa gari la kuazima. Alipakia vyombo vyangu vya kuvulia wakati namvalisha baba koti, na nilishangaa alivyokawia.

Bwawani nilimkalisha baba ukingoni, nikarusha. Kereng'ende akagusa maji, akazama.

Nikamvuta. Tumbo lake lote lilikuwa limevishwa waya wa shaba, mzunguko kando ya mzunguko, kazi safi ya fundi. Nikafungua kibati cha chambo. Wote wanne.

"Nilikukazia yo, shemeki," alisema, amefurahi. "Uzi yako ilikuwa inalegea. Sasa hata mamba haiwezi kuvunja."

"Nani alikutuma?"

"Weye unakasirika ya nini? Kuivre haioze," alisema, akiigonga shaba kwa ukucha.

Nikarusha tena kwa hasira tu, na samaki akashika huko chini, kimya kimya. Alikuwa mnono. Nikamweka mikononi mwa baba, naye akampapasa midomo.

"Weye ulishika samaki?" aliuliza. "Minye sikusikia kintu."

"Papa, samaki ni samaki," alisema shemeki. "Sufuria haina masikio."

Baba hakucheka. Mimi nilitamani kumsukuma yule mtu majini na waya wake.

Nikaanza kuufungua. Sponji ilitoka vipande vipande. Shaba ilikuwa imeikata hadi ndani. Sponji nyingine ilibaki nyumbani. Shemeki akasema tutarudi Jumapili ijayo, kwa wepesi, kana kwamba miguu ya baba ni yake. Baba alikuwa akitusikiliza. Akanyoosha mguu wa kulia. Alivaa babushi, maana viatu vinambana tangu miguu ianze kuvimba.

"Kata huku nyuma," alisema. "Kwa kisigino."

Nikakata. Uzi nilikuwa nao mfukoni, mabawa nikayachukua kwa wale walioharibika. Nilifunga vibaya, lakini bila shaba. Nikarusha karibu na matete, nikamwacha mdudu atulie, nikamtikisa kidogo. Maji yakapasuka kama mtu amebwaga ndoo.

Baba aliinua kidole. "Ile," alisema. "Ile njo nilikuwa nataka."

Samaki alikata kamba, akaenda na mdudu.

"Unaona," alisema shemeki. "Kama ungeacha kuivre, tungeikamata."

Tuliporudi garini baba alishika bega langu, kisigino cha kulia kikikanyaga changarawe tupu. Kila hatua nilimsikia akivuta pumzi kwa meno, na mbele yetu shemeki amebeba samaki, anapiga mluzi.